Mguu wa Kulimia

Ninyi mnaobaki karakanani mliniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau, mkaongeza, kwa kicheko mlichodhani sikukisikia, kwamba wastaafu husahau upesi. Nina miaka thelathini na minne. Siku ya kuniaga mlinivika shali ya bibi, mkanikalisha kwenye kiti cha magurudumu na kunizungusha uani mkiimba. Nilicheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa mkaacha kuimba. Basi nianzie hapo, kwenye kifua. Daktari amesema kifua hiki na vumbi la karakana haviwezi kukaa nyumba moja tena, na kwa kuwa karakana haiwezi kuhama, nimehama mimi.

Ya vyeo sitayaandika. Mnajua tulivyokuwa navyo vichache. Nitaandika juu ya vumbi, juu ya mguu mmoja, na juu ya hadithi ya zamani ambayo siiamini jinsi inavyosomwa kanisani, lakini ambayo imenifuata kila nilikokwenda, kama mbwa wa jirani asiye na kwao.

Nilifika asubuhi, mvua ilikuwa imekatika hivi punde. Nilikuwa nimetoka Kampala na shahada ya uhandisi na viatu visivyofaa kwa tope la Arua. Karakana ilikuwa pale pale ilipo sasa, nyuma ya hospitali, mahali mikaratusi inapoanza. Nilisukuma mlango nikadhani nimeingia kwenye ukungu. Unga wa plasta ulikuwa umeelea hewani, na mwanga wa dirishani ulikuwa umeukata vipande virefu vyeupe vilivyolala upande. Juu, kwenye boriti, miguu ya bandia ilining'inia kwa waya, ya kulia na ya kushoto, ya watu wazima na ya watoto, ikizunguka polepole kwa upepo niliouleta mimi. Ilikuwa kama watu wanatembea juu ya dari bila haraka, kila mmoja kwenda kwake. Katikati ya weupe huo alisimama mtu mweupe mpaka kope.

"Funga mlango, dada," akasema. "Unaamusha unga."

Huyo alikuwa Rajabu. Kwa wale waliokuja baada yake: Rajabu alikuwa Mwislamu wa mjini, mjukuu wa askari aliyeshuka kutoka Sudani na jeshi, akabaki. Alikuwa ametengeneza miguu tangu kabla mimi sijajua kutembea, na alinikumbusha jambo hilo lilipohitajika na lisipohitajika.

"Umesoma nini?" akaniuliza.

"Uhandisi wa mitambo."

"Mitambo." Alijipangusa macho, akabaki na mashimo mawili meusi usoni. "Hapa iko mutu. Mitambo tutaona kesho."

Kuanzia hapo aliniita Injinia, kwa sauti ile ile ambayo watu hutumia kumwita mbwa mdogo Simba.

Wiki za kwanza hakuniruhusu kugusa tupa wala msumeno. Kazi yangu ilikuwa kushika vigutu vya watu waliokatwa miguu. "Usipime," alisema, "shika." Kigutu cha mguu ni kitu chenye haya, ukikishika kwa mkono baridi kinajikunja, na umbo utakalolichukua litakuwa la hofu, si la mguu. Kwa hiyo pasheni maji moto kidogo kabla ya kulowesha bandeji za plasta, na mikono yenu pia. Penseli ile ya zambarau ndiyo macho yenu: tieni alama mahali mfupa usipovumilia, na mahali nyama inapovumilia. Baadaye, mkishajaza kalibu ya plasta na kuivunja, mtakuta alama zile zimehamia kwenye kigutu cheupe kilichomo ndani, kama ndoto inavyohamia asubuhi, zimefifia lakini ziko. Mtapiga tupa mkizifuata hizo.

Halafu ni tanuri. Bamba la plastiki huingia jeupe kama maziwa, nanyi mnasimama mkingoja, na kwa ghafla linakuwa angavu kama maji. Hapo hakuna anayeongea. Mna pumzi chache tu za kulitoa na kulivisha juu ya plasta kabla halijakumbuka kuwa ni plastiki. Umeme wa Arua siku zile ulikuwa na tabia za mgeni wa heshima: hukuambiwa unafika lini, na ukishauzoea unaaga. Mabamba mengi yalikufa yakiwa nusu maji.

Na vaeni barakoa. Si ya kitambaa. Nitarudia neno hili.

Sasa ile hadithi. Kila mwanzo wa mwaka mchungaji wa hospitali alikuja kusali nasi, na kila mwaka alianzia mwanzo kabisa, pale hakuna kitu, kisha kuna nuru. Baba yangu ni msomaji wa masomo kanisani Dadamu, kwa hiyo sura zile nilikuwa nazijua kabla sijajua kusoma. Chuo kikuu kiliniharibu, kama mama anavyosema, au kilinizindua, kama nilivyosema mimi nikiwa mbali naye. Sikuweza kukaa kimya. Nilimwuliza mchungaji nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi, ikiwa jua liliwekwa siku ya nne. Nilimwuliza kwa nini katika sura ya kwanza mtu anakuja mwishoni, baada ya miti na wanyama, na katika sura ya pili anakuja mapema, miti ikimfuata. Ni ipi?

"Dada Letaru," mchungaji akasema kwa upole wa mtu aliyekuwa na mafua, "tuombe kwanza."

Rajabu alikaa mlangoni wakati wa sala zetu, akinoa kisu. Watu walipotawanyika alinikonyeza. "Wewe unauliza jua ilikuwa wapi. Mimi nauliza patasi yangu iko wapi, hakuna mutu anajibu." Halafu akafikiri. "Kwenu mutu alitoka kwa udongo?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na kwetu pia, udongo. Basi sisi wote tumetoka karakana moja." Akainua kisu, akayatazama makali yake kwenye mwanga. "Ila hakuna mahali wanasema mguu ilichukua siku ngapi."

Nilicheka, lakini swali lililoninyima raha halikuwa la jua. Lilikuwa swali la kwa nini. Nilikuwa nikiona watu wanaletwa, wanavishwa mguu, wanatembea kati ya vyuma viwili sambamba juu ya sakafu ya saruji, tunapiga makofi, wanaondoka. Kwenda wapi? Mtu yuko kwa ajili ya nini, hata tumrudishe kwenye jambo hilo? Jibu langu wakati huo lilikuwa kwamba hakuna jambo. Mwili umetokea tu, na maana ni plasta tunayoipaka juu yake ikiwa bado mbichi. Nililipenda jibu hilo. Lilikuwa safi na halikuhitaji maji.

Jokudu alikuja mwezi wa jua kali, amekaa upande kwenye bodaboda, na fimbo yake imefungwa kama kuni nyuma ya dereva. Alitoka Lurujo, huko Koboko. Nyoka alikuwa amemwuma akipalilia mihogo, na mguu ukakatwa chini ya goti. Alikuwa mjane, mwembamba, na macho yake hayakuondoka kwenye kitu mpaka kimemwambia kila kitu. Yeye Kikakwa, mimi Kilugbara; tukakutana kwenye Kiswahili cha sokoni. Jina lake, alinieleza, hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Alitazama juu, kwenye boriti. "Hawa wenyewe wako wapi?"

"Wako njiani, Mama," Rajabu akajibu.

"Mimi usiniweke huko juu. Kizunguzungu niko nayo tayari."

Mguu wake ulikuwa wa kwanza niliouachiwa peke yangu, tangu bandeji mpaka mkanda. Ulikuwa mzuri, siwezi kuuficha uzuri wake hata leo. Ukingo laini kama mdomo wa kikombe, rangi ya ngozi karibu na ngozi yake, unyayo wa mpira wenye vidole vilivyochongwa kiwandani na mtu aliyependa vidole. Jokudu alitembea kati ya vyuma, akageuka, akarudi. Tulipiga makofi.

"Unasikiaje?" nikamwuliza.

"Nasikia iko mguu," akasema, akaenda zake.

Alirudi kabla msimu haujabadilika. Alikuwa na fimbo tena, na mguu ulikuwa kikapuni, juu ya majani, kama kuku anayepelekwa sokoni. Unyayo ulikuwa umepasuka kati ya mpira na kiini chake, na tope limeingia ndani likakauka. Nyuma ya goti lake palikuwa na kidonda, alama ya ule ukingo wangu laini.

Nilikasirika kama mtu aliyevunjiwa chungu. "Mama, umeufanyia nini?"

"Nimelima."

"Mguu huu ni wa kutembea!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nitembee niende wapi, binti? Shamba iko nyuma ya nyumba."

Rajabu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Jokudu akakaa kwenye benchi, na hapo ndipo alipotueleza yaliyokuwa nyumbani. Mume wake alipokufa, wazee wa ukoo walisema shamba litabaki kwake, mpaka pale ambapo jembe lake litafika. Sehemu itakayokutwa na mvua ikiwa bado nyasi, itakwenda kwa shemeji yake, Lemi. Wakati huo alikuwa na miguu miwili na neno hilo halikumtisha. Sasa sehemu yote ya chini, inayoteremka mpaka kijitoni, ilikuwa imeota nyasi za kufika kiunoni, na Lemi alikuwa ameanza kufunga mbuzi wake huko, mmoja leo, mwingine kesho, kama mtu anayehamisha mwili wake kitandani bila kumwamsha mwenzake.

"Mvua ikikuja, nyasi inabaki," alisema, "mimi nitakula mawe."

Nataka mwelewe kosa letu vizuri, maana ni kosa ambalo watu wa huku tu ndio wangeweza kulifanya. Sote wa karakana ile tulikuwa watoto wa wakulima. Jumamosi kila mmoja wetu alipanda baiskeli au boda akaenda kwao, Ayivu, Dadamu, akashika jembe. Jumatatu tulirudi, tukanawa udongo, na tukatengeneza miguu ya watu wanaoishi kwenye barabara za hospitali. Kila mguu tuliujaribu kwenye saruji. Hakuna mtu aliyewahi kulima saruji. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, kwa sababu jambo lilikuwa karibu nasi mno, kama pua.

Rajabu alisimama, akaingia stoo, akatoka na jembe. "Twende nyuma."

Nyuma ya karakana palikuwa na kipande cha ardhi kilichokuwa kikitupiwa plasta iliyovunjika. Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo mpaka pakawa tope. Tulimfunga Jokudu mguu wake uliopasuka kwa mpira wa baiskeli, tukamwekea pamba kwenye kidonda. Akashika jembe, akainama, akaanza.

Nilipiga magoti kwenye tope na penseli yangu ya zambarau. Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Mikaratusi ilikuwa ikisema yale yake, jembe likipanda na kushuka, na mimi nikitazama kigutu kimoja kikifanya kazi. Kisigino kilizama. Goti lilijikunja kidogo na kubaki hivyo, na kila aliposhuka, ukingo wa nyuma uliuma. Nilikuwa nimemtengenezea mwanamke aliyesimama wima. Lakini huyu alisimama wima kwa dakika chache tu za siku yake, za kunyoosha mgongo na kutazama mawingu. Siku iliyobaki alikuwa umbo jingine kabisa, kama upinde.

Na pale, magoti yakiwa yamelowa, ile sura ya pili ilinijia bila kuitwa. Nilikuwa nimeisoma kama mwendesha mashtaka, nikitafuta mpangilio uliokosewa. Sikuwa nimetazama inavyoanza. Haianzi na mtu. Inaanza na ardhi tupu, haina mche, mvua haijanyesha, na hakuna mtu wa kuilima. Hilo linasemwa kwanza. Ndipo udongo unashikwa na mtu anafinyangwa. Ardhi ilikuwa inangoja, na mtu alitengenezwa kwa umbo la kile kilichomngoja.

Sisemi kwamba niliamini. Nilifikiri tu kwamba yule aliyeisimulia mara ya kwanza, kokote alikokuwa, lazima mgongo wake ulikuwa unauma.

Mguu wa pili tuliutengeneza kwa kugombana. Rajabu alitaka tushushe ukingo wa nyuma sana. Nikamwambia utalegea, utachomoka topeni. Akasema basi tuongeze mkanda juu ya goti. Nikasema mkanda utamkata akiinama. Tuliupanua ukingo kwa nje kama ua la boga, tukauweka mkanda mpana wa turubai. Unyayo tuliuvisha kipande cha tairi, kipana, tulichopata kwa washona kandambili sokoni, tukaziba pande zote maji yasiingie. Mguu ule ulipokwisha ulikuwa unafanana na bata.

"Iko mbaya," Rajabu akasema.

"Mbaya sana," nikasema.

Tulirudi nyuma hatua moja, tukautazama, tukanyamaza. Mchungaji angekuwepo angeutambua ukimya huo, ule wa kuona kazi kuwa ni njema.

Jokudu aliujaribu topeni mpaka tukamwomba aache, kwa sababu alikuwa amefika kwenye ukuta wa maabara. Akaenda nao nyumbani. Wiki iliyofuata mawingu yalianza kujikusanya upande wa Kongo, nami sikuweza kukaa. Tulipanda gari mimi na Rajabu mpaka Koboko, kisha boda mpaka Lurujo, kuona kama ngozi inavumilia. Hivyo ndivyo tulivyojidanganya. Tulikwenda kuona kama mvua itamkuta.

Tulimkuta amekaa chini.

Alikuwa amekaa kwenye gunia lililokunjwa, katikati ya mashina ya mihogo, na jembe lenye mpini mfupi kama wa mwiko mkubwa, akichimba mbele yake, kisha akijisogeza, akichimba, akijisogeza. Mguu wetu wa bata ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefungwa kitenge. Haukuwa na tope hata kidogo.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba. "Mguu umekataa?"

"Karibuni! Mguu iko sawa. Imelala." Akaona uso wangu, akacheka. "Binti, hii yote unaona, nimelima na matako. Tangu kidonda ya kukatwa ilipona. Mguu iko ya kule chini, pale maji. Huku juu sihitaji."

Nikatazama. Shamba lote la juu, kutoka ukuta wa jikoni mpaka mwembeni, lilikuwa limefunguliwa, na juu yake palikuwa na mstari mpana uliolainika, kama njia ya mtumbwi mchangani. Alikuwa amejiburuta shamba zima. Nilikuwa nimekuja nikidhani nimempa mtu kazi yake ya kuishi, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha nusu kabla sijainoa penseli.

"Nilikuwa nangoja nyinyi," akasema, akijifunga mguu. "Lemi anasema kwa watu fundi zangu ni uongo. Nataka aone."

Tuliteremka naye. Nyasi zilikuwa ndefu, zinang'aa kwa ule mwanga wa kijani unaotangulia mvua, na mbuzi walikuwa wamelala ndani yake kama mawe meupe. Lemi alikuwa huko, mtu mnene mwenye koti, amekunja mikono. Alitazama unyayo wa tairi.

"Shemeji," akasema, "hiyo mguu ni ya gari?"

"Ya gari," Jokudu akasema. "Toa mbuzi, haina breki."

Akainama, akaanza. Unyayo ule mpana uliingia topeni, ukakaa, ukatoka na sauti ya busu. Rajabu alivua viatu, akachukua jembe lililokuwepo. Mimi nilikata nyasi kwa panga mpaka viganja vikatoka malengelenge ya chuo kikuu. Lemi alisimama kwa muda mrefu. Hakuna aliyemtukana. Jembe lilipofika kwenye kamba ya mbuzi wa kwanza, Jokudu alinyooka, akapangusa uso, akangoja. Lemi aling'oa kigingi, akamsogeza mbuzi. Jembe likafika kwa wa pili. Akang'oa. Mwishowe akawakusanya wote, akapanda nao mlimani, koti lake likipepea, na kwa mbali tulimsikia akimgombeza mbuzi kana kwamba ndiye aliyekuwa na wazo lile.

Watu wa kanisa la Jokudu walikuja kumsaidia siku zilizofuata, na mvua ilipofika, jembe lake lilikuwa limefika kijitoni. Ilibaki kona moja ya mawe. Lemi aliichukua kwa heshima zote, na mpaka leo inazaa mawe.

Tukirudi, gari likiwa limejaa harufu ya udongo mbichi na kuku wa abiria, nilimwuliza Rajabu. "Na asiyeweza kulima kabisa? Asiyeweza kukaa wala kusimama? Kama mtu yuko kwa ajili ya ardhi, huyo yuko kwa ajili ya nini?"

Alikuwa amefumba macho. "Injinia, wewe unataka mutu awe na kazi moja kama spana."

"Nijibu."

"Huyo wa kwanza alipewa shamba. Alipewa pia kuita wanyama majina, alipewa mwenzake, alipewa siku ya kukaa bure. Wewe umekamata jembe tu, kwa sababu leo ulikuwa na jembe." Akalala. Au alijifanya kulala, na hiyo kwake ilikuwa njia ya kumaliza mjadala.

Bustani ya nyuma ilianza hivyo. Mkuu wa utawala wa hospitali alikuja kuuliza mihogo ni ya idara gani, na Rajabu akamwambia ni vifaa vya kupimia. Nanyi mmekuwa mkimjibu vivyo hivyo. Msiiache. Lakini msiwape wote jembe pia. Hilo nililijifunza polepole. Kabla ya kugusa kigutu, ulizeni mguu huu unangojwa na nini. Fundi cherehani alitaka kisigino cha kukanyagia pedali. Sheikh mmoja wa Koboko alitaka goti litakalokubali kusujudu. Bibi mmoja, tulipomwuliza, alifikiri sana, akasema kucheza kwenye harusi ya mjukuu, na baada ya harusi tungeweza kuuchukua. Hakuurudisha.

Rajabu alistaafu, kwa umri halali, akaenda kuuza chai mbele ya nyumba yake na kubishana na wateja. Mimi nikabaki na kisu chake. Miaka ikapita kwa namna miaka inavyopita kwenye unga: huoni ikienda, unaona tu mabega yamekuwa meupe. Kisha nikaanza kukohoa. Kwenye ile hadithi, pumzi iliingia kwenye vumbi, na vumbi likaishi. Kwangu mimi vumbi liliingia kwenye pumzi. Nilimweleza daktari hivyo, naye akaniambia nivue blauzi apime.

Siku ile ya shali na kiti cha magurudumu, mliponiona nimetoka uani mkadhani nimekwenda kulia, nilikuwa nimekwenda kwenye bustani, na sikuwa nalia, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimejenga imani yangu yote ndogo, mimi nisiye na imani, juu ya jambo moja: kwamba mtu hutengenezwa kwa umbo la kinachomngoja. Sasa kilichokuwa kikiningoja kilikuwa ndani ya mlango ule, nami nisingeweza kuufungua tena.

Jokudu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tuta. Nani alimwita, sijui. Alikuwa amezeeka, na tairi la mguuni lilikuwa jipya.

"Wanasema umekuwa mzee," akasema.

"Wanasema."

Akafungua kitenge, akatoa jembe fupi. Mpini ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. "Hii iko ya mutu wa kukaa. Mimi sasa nasimama. Chukua."

"Mama, mimi miguu yangu ni mizima yote miwili."

"Nimeona." Aliweka kiganja chake kifuani pangu, kikavu, chepesi, cha moto, kama Rajabu alivyonifundisha kushika. Alisikiliza. "Lakini pumuzi yako iko na kigutu."

Alinyanyuka, akazunguka matuta akiing'oa mihogo aliyoona imekomaa, bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda nayo.

Sasa niko Dadamu, kwa baba. Nyuma ya nyumba kuna ardhi ambayo kaka zangu waliiacha walipokwenda mjini, imefunga kama ngumi. Nami bado nina maswali yangu yote. Bado sijui nuru ile ya kwanza ilitoka wapi, na baba amechoka kuulizwa. Asubuhi, kabla ya jua, namwaga maji kwanza ili vumbi lisiamke, kama tulivyofanya nyuma ya karakana. Nakunja gunia. Nakaa. Napiga jembe fupi la Jokudu, napumzika mpaka pumzi irudi, napiga tena, najisogeza. Nyuma yangu pana mstari laini kama njia ya mtumbwi.

Vaeni barakoa. Mvua haijanyesha bado, na mimi nimefika kwenye mgomba wa kwanza.